Freddie Mercury wa Shangani: jina lake tunalijua, kazi yake ya utunzi hatuizungumzi

Mwanzisha uzi (Malindi, Unguja)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Mimi ni mpiga fidla wa taarabu, mzaliwa wa Malindi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha vijana ala na mahadhi. Kila nipitapo Barabara ya Kenyatta, pale Shangani, huwakuta wageni wamesimama mbele ya jengo lenye jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, wakipigana picha. Siku moja mama mmoja kutoka Brazili, alipoliona sanduku la fidla mkononi mwangu, aliniuliza ni wimbo gani wa Freddie unaopendwa zaidi na Wazanzibari. Nilikosa la kumjibu, na sikulala vizuri usiku ule.

Si kwamba hatumjui. Jina lake analijua hata mtoto wa chuoni. Lakini mazungumzo yetu barazani hayavuki mambo mawili: kama alikuwa wetu au hakuwa wetu, na kama mwenendo wake ulikuwa wa kuigwa au wa kuepukwa. Kazi yenyewe, yaani utunzi na uimbaji uliomfikisha alikofika, huachwa kando kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa, na nimeufungua uzi huu ili tulizungumze kwa kituo.

Nianze na asili yake. Freddie, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali hapa mjini. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, na jina la ukoo wao linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao wahenga wao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakakaa Bara Hindi. Hapa Unguja walikuwa jamii ndogo, na wazee wetu wanaikumbuka zaidi kwa kampuni ya meli ya Cowasjee Dinshaw. Bomi alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika utumishi wa serikali ya Waingereza. Mwaka 1952 Farrokh alipata mdogo wake wa kike, Kashmira.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka minane, alipandishwa meli kwenda India kusoma katika skuli ya bweni ya St. Peter's, mji wa Panchgani, kwenye milima iliyo kusini ya Bombay. Mtoto wa miaka minane kuvuka bahari na kuwaacha wazazi ni jambo zito, na mimi naamini sehemu ya ukimya aliokuwa nao maisha yake yote ilianzia hapo. Hata hivyo, kwa sisi watu wa muziki safari hiyo si ngeni. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizoifanya sauti ya Unguja isikike Afrika Mashariki nzima, na alikuwa bado hai Farrokh alipozaliwa, kwani alifariki mwaka 1950. Mmoja alikwenda huko akiwa mwimbaji kamili, mwengine akiwa mtoto asiyejua kwamba atakuwa mwimbaji.

Huko Panchgani alifundishwa piano hadi akafaulu mtihani wa daraja la nne, na mwaka 1958 yeye na wenzake wanne wakaunda bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics. Zingatieni kwamba humo hakuwa mwimbaji mkuu. Alikuwa mpiga piano. Jina la Freddie alilipata kwa wanafunzi wenzake. Alirejea Unguja mwaka 1963 akaendelea na masomo katika skuli ya watawa ya St. Joseph's. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba mwaka huo, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Miezi michache baadaye familia ya Bulsara ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Miaka ya mwanzo ya Uingereza nitaipita haraka. Alisoma sanaa Isleworth, kisha Ealing, akapata stashahada ya uchoraji na usanifu wa michoro mwaka 1969. Alibeba mizigo Heathrow, aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga dramu, na alipita katika bendi za Ibex na Sour Milk Sea ambazo hazikudumu. Mwaka 1970 aliungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May, ambao bendi yao ya Smile ilikuwa imeachwa na mwimbaji wake. Yeye ndiye aliyechagua jina la Queen, na wakati huohuo akajipa jina la ukoo la Mercury. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, aliingia mwaka 1971, na tangu hapo hao wanne hawakubadilika. Hata nembo ya bendi aliichora mwenyewe kwa nyota za falaki za wenzake: simba wawili kwa Deacon na Taylor, kaa kwa May, na viumbe wawili wenye mbawa kwa nyota yake ya Mashuke.

Sasa nifike ninapopataka. Katika albamu yao ya mkusanyo ya mwaka 1981, ambayo nchini Uingereza imeuzwa kuliko albamu nyengine yoyote, zimo nyimbo 17, na 10 kati yake ni utunzi wake peke yake. Na nyimbo hizo hazifanani. "Killer Queen" ya mwaka 1974 ina madaha ya kumbi za maonyesho za zamani. "Somebody to Love" ya mwaka 1976 inafuata kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi, naye alikuwa akimhusudu Aretha Franklin. Kwaya yote unayoisikia humo ni watu watatu tu, yeye na May na Taylor, waliorekodi sauti juu ya sauti hadi ikaonekana ni halaiki. "We Are the Champions" ya mwaka 1977 ilitungwa makusudi ili watazamaji waiimbe wao. Na "Crazy Little Thing Called Love" ya mwaka 1979 aliitunga akiwa bafuni katika hoteli mjini Munich, kwa dakika zisizozidi kumi, kisha akaitafutia mishiko ya gitaa, ala ambayo hakuijua vizuri. Mwenyewe alieleza kuwa uchache wa mishiko aliyoijua ulimsaidia, kwa sababu ulimlazimisha awe mfupi. Hili huwa nawaambia wanafunzi wangu mara kwa mara.

Wimbo ninaotaka tukae nao ni "Bohemian Rhapsody", uliotoka tarehe 31 Oktoba 1975. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, wakati wimbo wa redioni ulitakiwa uwe wa dakika tatu hivi, na wakubwa wa kampuni waliona hautapigwa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliupiga mara 14 katika mwisho mmoja wa wiki, watu wakaanza kuuliza madukani, na baadaye ukakaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa.

Wengi wanaujua kwa kelele za gitaa za kule mwishoni. Mimi nawaombeni musikilize mwanzo, kabla ya ala yoyote isipokuwa piano kidogo. Ni kipande kisichofika dakika moja, na zile sauti zote zilizopangwa moja juu ya nyengine ni za mtu mmoja. Ni Freddie anaimba na Freddie, tena na tena, ingawa katika filamu ya wimbo huo wanaonekana wote wanne wakifungua midomo. Mwaka jana nilikaa na kipande hicho usiku tatu mfululizo, nikaitafuta kila sauti kwa fidla na kuiandika katika daftari. Nilidhani sauti za katikati zitakuwa za kujazia tu. Nilipozipiga mojamoja niliona kila moja ina njia yake ya kupita, inapanda pale nyengine inaposhuka, na ukiiondoa mojawapo, pengo unalisikia mara moja. Kwetu katika taarabu fidla zote hupita njia moja na mwimbaji, na utamu wake uko katika namna kila mpigaji anavyoipamba njia ileile. Hapa ni ufundi wa aina nyengine kabisa, na aliyeuweka kichwani hakuwa msomaji hodari wa nota.

Halafu tazama umbo lake. Wimbo wetu una beti na kiitikio. Nyimbo nyingi za roki nazo ni hivyohivyo. Huu hauna kiitikio. Unaanza na zile sauti, unaingia katika piano ya taratibu, unageuka kuwa opera, yaani uimbaji wa tamthilia za Ulaya, unalipuka kuwa roki, kisha unarudi pole kama ulivyoanza. Mtayarishaji wao, Roy Thomas Baker, alisimulia kwamba Freddie alimpigia mwanzo wake kwa piano, akasimama, akamwambia kuwa hapa ndipo itakapoingia sehemu ya opera. Brian May naye amesimulia kuwa mpango wote ulikuwa kichwani mwa Freddie na katika vipande vya karatasi alivyovichukua kazini kwa baba yake. Nilipoyasikia hayo nilimfikiria Bomi, keshia wa Mahakama Kuu, na vile vikaratasi vya hesabu. Sehemu ya opera ilirekodiwa kwa sauti za watu watatu zilizopandishwa juu ya nyengine hadi utepe wa kanda ukachujuka na kuonesha upande wa pili.

Nimeandika mengi. Karibuni.

Mchangiaji wa Wete, Pemba

Waalaykum salaam, maalim. Umeeleza vizuri, nami sina ubishi juu ya ufundi. Lakini ukisema tumzungumze kwa kituo, basi tuzungumze yote. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, mahali pa starehe katika Bophuthatswana, jimbo lililoundwa na utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende Afrika Kusini ya ubaguzi. Wakati huo nchi yetu ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya kujenga skuli Mazimbu, Morogoro, na Redio Tanzania ilikuwa ikiwapa masafa ya kuwatangazia watu wao. Mtu aliyezaliwa Unguja kwenda kuimba kule, mimi naliona ni jambo la kusikitisha, na sioni likitajwa na wanaomsifu.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kulileta mapema. Walikwenda, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo huo. Wao walijitetea kuwa si watu wa siasa, kwamba waliimba mbele ya watazamaji wa rangi zote, na kwamba walitoa fedha kwa skuli ya watoto viziwi na vipofu. Mimi utetezi wa kusema si mtu wa siasa sikuukubali tangu nilipousikia. Siku zile marehemu baba yangu alikuwa akisikiliza matangazo ya wapigania uhuru kila usiku, na lau angejua, nadhani angeizima kanda ya Freddie na asingeifungua tena. Lile lilikuwa kosa, na ufundi wake haulifuti.

Mchangiaji wa Ng'ambo, Unguja

Nina swali kwa maalim. Katika hicho kipande cha opera linasikika neno "Bismillah" mara kadhaa. Vijana wa mtaani kwetu husema kuwa hiyo ni alama ya Unguja aliyoiacha makusudi. Kuna ukweli?

Mwanzisha uzi

Neno lipo, na mtoto aliyekulia Mji Mkongwe alilisikia kabla hajajua kusoma. Hilo halina shaka. Lakini Freddie hakupata kuueleza wimbo ule una maana gani, ingawa aliulizwa maisha yake yote, na akashikilia kuwa kila msikilizaji aufasiri mwenyewe. Katika kipande hicho mmejaa maneno kutoka huku na huku, ya Kitaliano, ya tamthilia, na jina la Galileo. Kwa hiyo mimi siwezi kusimama mbele ya wanafunzi nikawaambia kuwa ni salamu kwa Unguja. Ninachoweza kusema kama mpiga muziki ni kwamba neno hilo lina silabi nzito zinazopokea mkazo vizuri, na yeye alikuwa na sikio la maneno yanayolia. Kama alilitoa hapa, basi alilichukua kama alivyochukua kila kitu kingine, kwa sikio.

Mchangiaji wa Fumba

Salaam. Mimi ni mtu mzima, nimestaafu ualimu, na nitasema kwa uwazi bila ya kumvunjia mtu heshima. Mwaka 2006, ilipotakiwa kufanywa sherehe hapa mjini ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya dini iliipinga na sherehe ikafutwa. Nilikuwa upande wa waliopinga. Sababu yetu ilijulikana: maisha yake ya faragha hayakuafikiana na dini yetu wala mila zetu. Tena yeye mwenyewe hakujinasibisha na Unguja. Hakutuimba, hakututaja. Kwa nini sisi tumng'ang'anie? Nauliza kwa dhati, maana maandishi yako nimeyasoma yote na yamenifikirisha.

Mwanzisha uzi

Shikamoo, mwalimu. Nimefarijika kwa namna ulivyoliweka swali lako.

Ni kweli kwamba hadharani aliitaja Unguja kwa nadra sana. Lakini tukumbuke hali aliyoondokea hapa, kijana wa miaka 17 katika familia iliyofungasha na kwenda kuanza upya katika mji wa baridi. Nawajua watu wengi wa rika lake, Waunguja asilia na Wahindi, walioondoka mwaka 1964 na ambao mpaka leo hawawezi kuyazungumza hayo. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alikaa Muscat miaka arubaini, na ukimtajia mtaa aliozaliwa hubadilisha mazungumzo. Sikuwahi kumwambia kuwa yeye si mtu wa Malindi.

Kuhusu faragha yake, nitasema yanayojulikana na nisiongeze. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, na hata baada ya kuachana alibaki rafiki wa karibu kuliko wote na ndiye aliyemrithisha nyumba yake. Miaka ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Mwaka 1987 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Aliwaficha watu wote isipokuwa wa karibu, akatoa tamko tarehe 23 Novemba 1991, na usiku wa tarehe 24 akafariki nyumbani kwake Kensington, London, kwa homa ya mapafu iliyoletwa na ugonjwa huo. Alikuwa na umri wa miaka 45. Aliyeondoka akiwa Mparsi aliagwa kwa dua za makuhani wa dini ya wazazi wake, na mwili wake ukachomwa moto. Hukumu ya nafsi yake si yangu wala yako, mwalimu, na nadhani katika hilo tunakubaliana.

Ila kuhusu ugonjwa nina la kusema. Miaka ile hapa kwetu pia watu walikufa kwa UKIMWI huku jamaa wakitaja malaria au husda. Katika kikundi chetu tulizika wenzetu wawili, waimbaji wazuri, na hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa mbele ya jeneza. Freddie naye alinyamaza mpaka siku ya mwisho. Wenzake wa bendi waliandaa onyesho la kumkumbuka uwanjani Wembley tarehe 20 Aprili 1992, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa kupambana na UKIMWI, Mercury Phoenix Trust. Kila nikikumbuka mazishi ya wenzetu wale, huona kuwa tulistahili kulisema lile neno.

Mchangiaji aliyeko Feltham, Uingereza

Salaam kutoka baridini. Mimi ni mtu wa Mkunazini, na kwa bahati tu nimepanga chumba mitaa michache kutoka nyumba ya Bulsara, iliyopo Gladstone Avenue. Mtu akitarajia kasri atavunjika moyo. Ni nyumba ndogo ya ghorofa moja juu, ya matofali, imeshikana na ya jirani, na ina kibustani mbele kisichotosha kuegesha gari mbili. Mwaka 2016 iliwekwa kibao cha duara cha buluu kinachoeleza kuwa mwimbaji huyu aliishi hapo. Ndege zinazotua Heathrow hupita juu ya mapaa mchana kutwa. Nilipokuja mara ya kwanza, nilisimama mbele ya mlango ule nikafikiria milango ya Shangani yenye njumu za shaba, na mtu aliyetoka mlango ule kuja kuishi nyuma ya huu. Sitaki kuandika zaidi.

Ila namuomba maalim aeleze jambo moja ambalo hajaligusa, nalo ni uimbaji wa jukwaani. Kwa Waingereza anakumbukwa zaidi kwa siku ile ya Wembley kuliko kwa kanda.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu yangu wa Mkunazini. Umenipa picha ambayo sikuwa nayo.

Siku unayoisema ni tarehe 13 Julai 1985, onyesho la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Watu 72,000 walikuwa uwanjani, na Queen walipewa kama dakika ishirini. Wasanii wengine walikwenda wakaimba walivyozoea. Wao walikodi ukumbi wa Shaw, London, wakafanya mazoezi ya dakika hizo ishirini kwa saa mkononi, wakazikata nyimbo ili ziingie sita. Freddie alianzia kwenye piano, kwa kipande cha taratibu cha wimbo niliouzungumza juu, na alipoinuka akauchukua ule mti wa maikrofoni wa nusu, ambao hadithi yake ni kwamba zamani ulimkatikia mikononi katikati ya onyesho, akaupenda, na tangu siku hiyo hakutaka mzima.

Kisha akasimama peke yake bila ala, akatoa sauti, na uwanja mzima ukamjibu. Akaitoa kwa namna nyengine, wakamjibu hivyohivyo. Alizidi kuipindapinda na kuirefusha, na watu 72,000 hawakupotea. Mtu aliyelelewa katika taarabu anakijua kitu hicho. Nilipokuwa mdogo nilimsikia mwimbaji mkongwe wa kike katika harusi Mwembetanga akifanya vivyo na wanawake waliojazana ukumbini: anautupa mstari, anausubiri, na kabla haujamrudia tayari ameshajua autupe vipi unaofuata. Tofauti ni kuwa mwimbaji wetu anaona nyuso. Freddie aliifanya kazi hiyo na watu ambao wa nyuma walikuwa nukta tu.

Na sauti yenyewe: alipozungumza ilikuwa nzito, alipoimba aliipeleka juu. Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma, ndiyo sababu ya ule mdomo uliochomoza, na alikataa kuyang'oa kwa kuogopa sauti isije ikabadilika. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya waliichambua sauti yake katika rekodi wakakuta mtetemo wake ni wa takriban mara saba kwa sekunde, wa kasi kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji waliosomea opera. Mwaka 1988 alitoa albamu na mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé, jambo ambalo mwimbaji wa roki hakutarajiwa hata kulijaribu.

Mchangiaji, mwanafunzi wa kinanda, Mjini

Shikamoo maalim, na shikamooni nyote. Nimesoma uzi wote tangu alasiri. Nilikuwa simjui ila kwa ile filamu ya maisha yake. Naomba kuuliza mawili: mtu anayejifunza piano aanze na wimbo gani wake, na je, baada ya kujua kuwa anaumwa aliendelea kutunga au aliacha?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu.

Anza na "Love of My Life", ya mwaka 1975. Mkono wa kushoto si mgumu sana, na utajifunza namna ya kuiacha sauti ya mwimbaji ipumue. Usikilize kwanza kama ulivyorekodiwa kwa piano, kisha utafute walivyouimba Rio de Janeiro Januari 1985, May akipiga gitaa na umati wa Wabrazili ukiimba maneno yote ya Kiingereza huku Freddie akiwaachia. Nilipouona nilimkumbuka yule mama aliyeniuliza swali Shangani. Pengine alikuwamo, au mama yake.

Kuhusu swali la pili, hakuacha. Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth tarehe 9 Agosti 1986, na baada ya hapo hawakutoka tena kuzunguka, lakini studio aliendelea kwenda. Albamu ya *Innuendo* ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1991, na miezi iliyobakia alikuwa akienda Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, ambako bendi ilikuwa na studio yake. Alikuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Aliwaambia wenzake wamletee chochote cha kuimba, aimbe kadiri awezavyo, na wao waje kukamilisha baadaye. Mwezi wa Mei mwaka huo alikuwa akirekodi "Mother Love", wimbo alioutunga pamoja na May, ubeti kwa ubeti kadiri ulivyokuwa ukiandikwa. Ulipobaki ubeti mmoja aliomba akapumzike, akasema ataumaliza akirudi. Hakurudi. Katika albamu iliyotoka mwaka 1995, ubeti ule wa mwisho unaimbwa na Brian May.